Karatasi ya vipimo na maikrofoni ya utepe ya bei nafuu

Mwaka jana nilinunua maikrofoni ya utepe ya bei nafuu kwa ajili ya kurekodi fidla, kwa sababu ile ya kondensa niliyokuwa nayo ilikuwa inakwaruza masikio kila mpigaji alipopanda kwenye sauti za juu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi yenye mistari minne: masafa ya hezi 30 hadi 18,000, usikivu (yaani umeme unaotoka kwa sauti ya kiwango fulani) wa desibeli −54, ukinzani wa omu 200, na upokeaji wa sauti wenye umbo la nane, yaani mbele na nyuma bila ubavuni. Mistari hiyo ndiyo iliyoniweka sebuleni jioni kadhaa nikipima.

Kifaa chenyewe hakina mengi ndani. Utepe wa alumini, ambao katika Royer R-121, maikrofoni ya utepe inayojulikana sana, una unene wa maikroni 2.5 tu, huning'inizwa kati ya sumaku, na umeme mdogo mno unaozalishwa utepe unapotikisika hupandishwa na transfoma. Wazo hilo ni la Schottky na Gerlach wa Ujerumani, tangu miaka ya 1920, kwa hiyo anayeuza kwa bei ya chini haibi siri ya mtu. Kilicho ghali ni mkono wa fundi anayeukata utepe, kuukunja mikunjo yake na kuukaza kwa kiasi kilekile kila mara, na hapo ndipo maikrofoni mbili za jina moja huweza kutofautiana.

Nianze na usikivu, ambao ndio ulionisumbua zaidi. Namba −54 peke yake haina maana mpaka uambiwe imepimwa kwa kipimo gani, kwani wazee walihesabu shinikizo la sauti kwa maikrobari na leo tunahesabu kwa paskali, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni desibeli 20 nzima. Karatasi yangu ilikaa kimya. Nikachukulia kwamba ni volti kwa paskali, kisha nikatafuta shahidi: Shure SM58, maikrofoni ya kawaida ya waimbaji, ambayo imetangazwa kuwa na −54.5. Kama karatasi inasema kweli, zote mbili zingetoa kiwango kinachokaribiana. Nikaziweka kwa zamu mahali palepale, nusu mita mbele ya spika inayotoa mlio wa hezi 1,000, bila kugusa kitufe chochote cha kadi ya sauti, kifaa kinachopeleka sauti kwenye kompyuta. Ile ya utepe ilikuwa chini kwa desibeli 5. Nilishuku kwanza kwamba kadi ndiyo inayoila sauti, lakini omu 200 za maikrofoni zikiingia kwenye omu 1,500 za kadi hupoteza takriban desibeli 1 tu, na SM58 nayo hupoteza kiasi kama hicho. Desibeli 5 zinaonekana chache kwa macho. Fidla inapopigwa kwa upole, nawe umeshafungua kitufe cha kuongeza sauti mpaka mwisho ili kuzifidia, utasikia kelele za vifaa zikivuma kama jokofu la jirani.

Kuhusu masafa, siwezi hata kumshitaki muuzaji. Hezi 18,000 bila kutaja zinapungua kwa desibeli ngapi ni ahadi isiyoweza kuvunjwa, maana hata sauti ikishuka kwa desibeli 15 hapo, bado ipo. Yangu ilianza kuteremka mapema kabla ya hezi 10,000. Mteremko wenyewe sina ugomvi nao, ndio nilioutaka kwa ajili ya fidla. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi imeuficha.

Umbo la nane lilikuwa la kweli kabisa. Niliigeuza ubavu kuelekea spika na mlio ukakaribia kutoweka, jambo lisilonishangaza, kwa sababu utepe ulio wazi mbele na nyuma hufanya hivyo wenyewe.

Hatimaye nilimulika ndani kwa tochi kupitia wavu, bila kuingiza bisibisi, kwa sababu sumaku ingeinyakua na kuuchana utepe papo hapo. Utepe ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nilimwandikia muuzaji, akaniomba picha ya boksi. Maikrofoni bado naitumia, na kwenye kifuniko cha boksi hilo nimebandika karatasi ya gundi yenye mwandiko wangu: −59, pima tena mwakani.