Siku mzee wa reli alipoisachi Kilosa

Kwa wasiojua, Dar iliwahi kuwa na gazeti la Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, la masetla, lilianza 1899 likaenda mpaka 1916 vita ilipopamba moto. Kurasa zake zilishaskaniwa zikawekwa mtandaoni, ila zilikua picha tu, huwezi kusachi neno ndani yake. Sasa mwaka 2019, masika yamekolea na Jangwani hapapitiki, sisi vijana wachache tulikua tumejibana kwenye chumba cha kupanga Sinza tunatengeneza programu ya kuzisoma zile picha ziwe maandishi ya kusachika.

Siku hiyo mwenzetu mmoja akamleta mzee wa mtaani kwao, mstaafu wa reli, aje aijaribu. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, akakaa kwenye kiti pekee kilichokua na mgongo mzima, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: Kilosa. Sifuri. Akaandika Moshi, sifuri tena. Akatugeukia, "Yaani Mjerumani amejenga reli mpaka Kilosa halafu gazeti lake halina Kilosa?"

Tukaanza kufukua. Kwanza Mjerumani alikua na tahajia zake, Moshi ni Moschi, Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Kilosa anaweka s mbili. Pili, na hili ndo lilitumaliza, zile herufi zao za zamani zilikua na s ndefu ambayo ukiiona unaapa ni f, na mashine nayo ikaapa hivyohivyo. Kwahiyo Kilosa ilikuwemo tele, ila imeandikwa Kiloffa! Dar yenyewe kuna mahali ilisomeka Daresfalam, tukacheka mpaka mzee akatuuliza tumekula nini.

Alafu akafanya kitu ambacho laptopu zetu zote zilikua hazina. Akafumba macho akaanza kushusha stesheni, Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kimamba, Kilosa, Gulwe, Dodoma, bila kusita, kama mtoto wa madrasa aliyehifadhi juzuu, na mimi naandika mbio mbio. Orodha ile ndo ikawa msingi, kila jina la sasa tukalifunga na sura zake zote za zamani pamoja na makosa ya mashine, ukiandika Kilosa inakuletea na Kilossa na Kiloffa.

Hapo tukagombana kidogo. Mwenzetu mmoja alitaka tusahihishe moja kwa moja, futa Kilossa weka Kilosa, kazi iishe. Mimi nikakataa na mpaka leo ningekataa, maana ukigusa maandishi ya gazeti hutaweza tena kujua lipi aliandika Mjerumani, lipi mashine, lipi ni la kwako. Mzee akakata shauri, "Kitabu cha stesheni hakifutwi, unaandika pembeni." Basi, maandishi ya asili yakabaki, majina ya sasa yakakaa pembeni yake.

Tulipojaribu upya Kilosa zikamwagika. Mzee akafurahi, akanywa chai, ndo akasema kilichomleta hasa. Babu yake alibeba mataruma wakati kampuni ya Philipp Holzmann inajenga kipande cha Dar kwenda Morogoro, ile ya 1905 mpaka 1907, akataja jina lake nikaliandika. Hakuna kitu. Tukabadilisha herufi, y tukaweka j, w tukaweka u, wapi. Ikabidi nimwambie ukweli kwamba safari hii mashine haina kosa, gazeti la masetla lilikua halihangaiki na jina la kibarua, wao wanaandikwa kwa jumla tu, vibarua.

Akavua miwani akaifuta na shati. "Sasa mtu akikosa jina kama mimi si ataona mtambo wenu mbovu? Liandikeni hilo hapo chini ya kisanduku cha kusachi, ajue."

Tukaandika jioni ileile: gazeti hili kwa kawaida halikutaja vibarua kwa majina. Mzee akaisoma mara mbili, akasema herufi ni ndogo mno, tukazikuza.