Jumamosi moja nyuma ya mixa, kisiwani Cape Clear

Saa 12 na robo asubuhi
Shakwe wanagombana juu ya paa, usingizi ndio basi. Nimelala Baltimore, kijiji cha bandari kusini kabisa mwa Ayalandi, kwa sababu kule kisiwani vitanda vilikwisha. Wakazi wa Cape Clear ni mia na kitu tu. Wikendi ya kwanza ya Septemba likiingia tamasha la hadithi, ambalo lipo tangu 1994, hata banda la kuku lingepata mpangaji. Mimi ni fundi mitambo wa sauti, na mixa ndiyo meza yangu ya kuchanganyia sauti. Spika na nyaya zilivuka jana. Leo navuka mimi na begi la betri.

Saa 2
Safari ni dakika 45 hivi. Nimezaliwa Wete, nimevuka kwenda Unguja tangu nikibebwa mgongoni, lakini Atlantiki bado hatujazoeana. Mkondo wa Pemba hukurusharusha ukajua moja. Huku maji yanakuinua polepole, yanakushusha polepole, mpaka chai inakumbuka njia iliyoingilia.

Abiria mwenzangu, mzee mwenye mbwa, ananisimulia kuhusu gati tuliloliacha. Juni 1631 maharamia wa kutoka Algiers waliivamia Baltimore kabla ya mapambazuko, wakachukua watu zaidi ya 100 kwenda kuwafanya watumwa. Baa moja ya kijijini inaitwa Algiers hadi leo. Nikamwambia kwetu nako tunaijua biashara hiyo, soko la Unguja lilifungwa 1873. Tukanyamaza kidogo, tukamtazama mbwa.

Saa 3
Kutoka bandarini ni mlima tu. Kiayalandi bado kinasemwa hapa, na salamu yao naipenda. Mmoja husema Dia dhuit, Mungu awe nawe. Mwenzake hujibu Dia is Muire dhuit, Mungu na Mariamu wawe nawe. Jibu huzidi salamu, kama tunavyoongeza warahmatullahi sisi. Ulimi wangu haujaliweza jibu, kwa hiyo hukimbilia kuanza mimi.

Saa 4 na nusu
Kujaribu sauti. Msimulizi mkuu wa usiku ni mzee wa kutoka kaunti ya Kerry, seanchaí, yaani mtunza habari za kale. Litamke shanakhi, na hiyo kh itoke kooni kama ya mtu wa Pemba.

Shida yangu ni sweta lake. Maiki ya kubana nguoni na sufu haviivi chungu kimoja: kila akivuta pumzi, spika zinasema kwaruzu, kwaruzu. Nimeihamishia kwenye ukosi wa shati, nikaupitisha waya ndani, nikaushika kwa utepe chini ya kifungo cha pili. Mikono yangu ya baridi shingoni mwake, yeye ametulia kama mtoto anayevalishwa kwenda chuoni.

Kisha akataka asimame nyuma ya ukumbi asikie mwenyewe, mimi niseme. "Sema chochote, kwa lugha yenu."

Lililonijia ni, "Paukwa!"

Viti vitupu, kimya. Sijawahi kulisema neno lile bila kujibiwa. Lilibaki linaning'inia juu pale. Akauliza maana yake. Nikamweleza pakawa, nikamweleza hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hapo kwenye uongo akanirudisha mara mbili. Wao, akasema, huanza na fadó, fadó, zamani, zamani. Uongo hutajwa mwishoni: hiyo ndiyo hadithi yangu, má tá bréag ann, bíodh, yaani kama ndani yake mna uongo, na uwemo.

"Nyinyi mnaukaribisha mlangoni," akasema, "sisi tunausindikiza."

Saa 6 mpaka saa 11
Kipindi cha watoto: wana wa Lir, ndugu wanne waliogeuzwa mabata maji na mama wa kambo, wakakaa majini miaka 900. Mtoto mmoja akauliza walikuwa wanakula nini. Msimulizi alikwama.

Chakula ni supu nzito ya samaki na maziwa. Niliuliza kwanza, maana wengine huitia nyama ya nguruwe. Ilikuwa salama.

Baada ya hapo nyaya, nyaya, nyaya. Bibi yangu alitukataza hadithi za mchana, eti tungeota mkia. Mzee wa Kerry aliposikia alicheka: hata kwao hadithi za shujaa Fionn na wapiganaji wake zilikuwa za usiku, tena za majira ya baridi. Tamasha haliogopi mkia.

Saa 2 na robo usiku
Ndiyo kwanza magharibi. Saa yetu ya Kiswahili inalitegemea jua la ikweta, huku inapotea kabisa. Nimeswali katika chumba cha kuhifadhia viti.

Saa 3 na nusu
Ukumbi umejaa. Mzee anasimulia habari za Oisín, aliyepanda farasi mweupe na Niamh mwenye nywele za dhahabu, akaenda nchi ya ujana wa milele. Alidhani amekaa miaka mitatu, kumbe 300. Akarudi kuwatafuta wenzake, kwa sharti asiguse ardhi. Njiani akakuta watu wameshindwa na jiwe. Akainama kuwasaidia, mkanda wa tandiko ukakatika.

Na maiki ikakatika papo hapo.

Nilijua kosa lilipo kabla sijatazama. Jioni nilipobadilisha betri nilitia mkono kwenye mfuko wa zilizokwisha. Nimenyanyuka nusu, maiki ya akiba mkononi, mzee akaniona kule nyuma. Akainua kidole kimoja, hata hakukatiza neno. Nikakaa.

Badala ya kupaza sauti, akaishusha. Oisín yuko chini, miaka yote 300 inamrudia kwa pamoja, na mzee analisema hilo kama anamnong'oneza mtu wa kiti cha mbele. Watu 100 wakainama. Mwanamke mmoja akalizima jokofu la vinywaji pembeni, nami sikuwa hata nimelisikia kuwa linanguruma. Taa za mixa zinawaka mbele yangu, vidole vimelala juu ya vitufe, havina kazi.

"Má tá bréag ann," akasema, akanitazama, "bíodh."

Saa 5 na nusu
Nakunja nyaya. Mzee anapita na koti lake begani, mkono mwingine ananirudishia maiki, utepe bado umeng'ang'ania.

"Pakawa," akasema, akatoka.

Leo nalala kisiwani, kwenye hema la kuazima. Mnara wa taa wa mwamba wa Fastnet unamulika kila baada ya sekunde 5, mwamba ule waliouita chozi la Ayalandi kwa kuwa ndio uliokuwa wa mwisho kuonwa na wahamiaji waliokuwa wakienda Marekani. Kwa mwanga wa simu nazipanga betri upya: nzima mfuko wa kulia, zilizokwisha kushoto.