Siku moja maishani mwangu: tangi la Voksi ya Mzee

Saa 1 kasoro robo asubuhi

Ndiyo kwanza nafungua kufuli la gereji, hapa Walukuba, Jinja, Uganda, simu ikaita. Salamu za Mzee, mteja wangu, huanzia nyumbani, zikapita kwa mbuzi, zikaishia kwenye mvua. Leo hakusalimu. "Fundi, gari linakojoa."

Gari lenyewe, Voksi yake, ni Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960, ile ya mgongo wa kobe. Kila mgeni wa Mzee lazima aambiwe kwamba gari la aina hii lilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, utadhani usukani alikuwa ameushika yeye. Nikamwambia asiliwashe kabisa, alisukumishe. Anakaa mtaa wa pili tu.

Saa 2

Limefika likisukumwa na vijana 4 wa bodaboda. Mmoja ana sigara nyuma ya sikio. Haijawashwa, lakini nimemnyang'anya vilevile.

Nilifungua milango yote nikaliacha lipigwe na upepo robo saa kabla ya kugusa chochote. Betri ya Voksi iko chini ya kiti cha nyuma, na waya ukichomolewa huweza kutoa cheche. Ndani ya gari lililojaa mvuke wa petroli, cheche moja inatosha kutuandikia matanga.

Kwa asiyelijua gari hili: injini iko nyuma, tangi liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva. Ndiyo maana Mzee amekuwa akilalamika kichwa kinamuuma akienda Bugembe. Alidhani ni uzee.

Saa 3

Shimo la kukagulia magari siingii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hushuka ukatulia chini kama maji ya mtaro. Tumefanyia kazi nje, kwenye upepo. Mwanafunzi wangu alitaka kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira, kama alivyoona kwa watu wa malori. Nimemkataza. Tumefungua mpira wa chini tukakinga. Zimetoka kama lita 11, za rangi ya chai ya rangi. Kisha bolti 4, waya wa geji ya mafuta, tangi likainuka.

Matone yalikuwa yakianguka kwenye ekseli ya mbele, lakini petroli haina uaminifu: hutoka hapa, ikatembea juu ya bati, ikadondokea kule. Nikaligeuza tangi. Pale linapokalia bodi kuna ukanda wa mpira, na huo mpira, ukizeeka, unashika maji ya mvua kama sponji. Kwa ndani nako, maji yanayoingia na mafuta hutuama chini kabisa. Kutu imekula kutoka pande mbili ikakutana katikati.

Juu ya yote palibandikwa gundi ya chuma, kazi ya fundi fulani wa zamani ambaye simtaji. Ilitoka kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na matundu 3, na kwenye tundu moja mtu alikuwa amesugulia sabuni ya mche. Huyo wa sabuni simlaumu. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, na imewafikisha wengi nyumbani. Ila ni ya kukufikisha nyumbani tu, si ya kuishi nayo miezi.

Saa 4

Mabishano. Mzee ameketi juu ya tairi. "Si uchomelee tu? Jirani yako ana mashine. Dakika 5. Tangi lenyewe tupu."

Hapo kwenye neno "tupu" ndipo watu huungua. Tangi lililojaa mafuta hadi shingoni halina nafasi ya hewa. Moto unahitaji hewa. Tangi "tupu" lina mabaki kidogo, mvuke, na hewa tele. Mvuke ukifika kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hiyo hewa, ni bomu linalosubiri kiberiti. Na petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, sembuse jua la Jinja.

"Mzee wangu," nikamwambia, "fundi aliyenifundisha kazi alichomelea tangi tupu. Nyusi hazikuota tena."

Akanyamaza. Halafu: "Haya. Lakini saa 12 nalitaka."

Saa 5 hadi saa 7

Kuosha. Maji ya moto, sabuni ya unga, konzi mbili tatu za kokoto safi ndani, tingisha, mwaga, rudia. Mara 9. Maji machafu tumeyakusanya kwenye pipa. Mtaro wetu unaelekea ziwani, na samaki tunawala sisi wenyewe. Mwanafunzi kachoka mabega. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) mbili kila mtu, mayai mawili mawili, tukaendelea.

Saa 8

Sikuliamini bado, kwa hiyo sikuita mashine. Nimemwita babu anayetengeneza tadooba, vile vibatari vya mafuta ya taa, sokoni. Watu wanamcheka kwa sababu umeme umefika, lakini kwa lehemu hana mpinzani. Alikuja na jiko lake la mkaa, tukaliweka mbali, nyuma ya ukuta. Tangi tulilijaza maji, matundu yakiangalia juu, tukabakiza kidole kimoja tu cha nafasi. Babu akakwangua bati mpaka likang'aa, akapaka asidi yake iliyolishwa zinki, akaweka kiraka cha bati la shaba, akaleta pasi yake ya kulehemu, ya shaba nyekundu, kutoka kwenye lile jiko. Hakuna ndimi za moto. Lehemu ikatambaa chini ya kiraka yenyewe.

"Nyinyi vijana mnapenda kelele," akasema, akakusanya vitu vyake.

Saa 10

Jaribio. Matundu yote kuzibwa, hewa ya pampu ya baiskeli (kompresa hulivimbisha tangi la zamani kama andazi), maji ya sabuni juu. Viraka kimya. Povu likatokea pale juu kwenye geji! Gasketi yake imekauka kama gome. Hiyo ndiyo ilikuwa ikinukia ndani ya gari muda wote. Nimekata mpya ya koki, ile ya vizibo vya chupa.

Saa 11 na nusu

Tangi limerudi, mpira mpya chini yake, mpira mpya wa mafuta, klipu mpya. Lita 5 kwanza. Tone moja likaanguka. Mzee akanitazama. Klipu, haikukazwa, mwanafunzi akajificha nyuma ya gari. Nimekaza.

Saa 12 jioni

Boksi tulilotandika chini ya gari ni kavu. Nimemwambia Mzee ukweli: kutu ya ndani bado ipo, tangi la mtumba tuendelee kulitafuta, na gari lilale hapa nilione asubuhi. Amelipa shilingi 120,000, akalipapasa boneti, akaondoka kwa miguu.

Nimemwelekeza mlinzi: usiku huu hakuna moto karibu na Voksi. Akaliangalia gari, akaangalia sigiri yake.

"Sasa chai nichemshie wapi, bosi?"