Badiliko lisilojulikana

Jana usiku niliisoma tena karatasi ya majibu ya kipimo changu cha vinasaba. Imetajwa MYBPC3, jeni inayohusika na misuli ya moyo, kisha maneno yaliyoninyima usingizi: badiliko ambalo maana yake haijulikani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo au hapana. Kwamba misuli ya moyo wangu imenenepa, ultrasaundi ilishaonyesha. Baba naye alianguka ghafla, akafa akiwa bado kijana. Nilitaka kipimo kitaje chanzo, ili mdogo wangu apimwe damu na ajue moja.

Leo mshauri wa vinasaba amenikalisha, akanieleza taratibu. Mabadiliko ya jeni hupangwa katika ngazi tano, kuanzia lisilo na madhara hadi lile linalosababisha ugonjwa. Langu liko katikati, na hiyo haimaanishi ugonjwa nusu. Ushahidi tu haujatosha kuliegemeza upande wowote.

"Basi mdogo wangu apimwe hilohilo?" nikauliza.

Akakataa. Akikutwa nalo, tutamtia hofu pengine bure. Asipokutwa nalo, tutamwambia yuko salama, ataacha kwenda kliniki, kumbe chanzo halisi cha ukoo wetu kimejificha kwenye jeni nyingine. Hilo la pili limenitisha kweli. Nimerudi nalo kichwani njia nzima, kwa sababu ndilo kosa nililokuwa karibu kulifanya kwa mapenzi. Lingekuwa badiliko la uhakika, kila mtoto wangu angekuwa na nafasi 50 kwa 100 ya kulirithi, na asiyelirithi angeondolewa kwenye ufuatiliaji.

Akaniambia pia habari iliyoniuma. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye asili ya Afrika waliwahi kuambiwa wana badiliko la ugonjwa huu, kumbe ni la kawaida kwa watu weusi. Waliolinganishwa nao mwanzoni walikuwa wazungu kwa wingi. Ndiyo maana ameniomba niulize tena baada ya miaka michache. Jibu linaweza kupandishwa au kushushwa ngazi.

Jioni nimempigia mdogo wangu.

"Kaka, kwa hiyo ninao au sina?"

Nimemwambia damu haiwezi kutujibu kwa sasa. Atapigwa ultrasaundi ya moyo na kipimo cha umeme wa moyo, kisha arudie kila baada ya miaka kadhaa, hata kama safari hii kila kitu kitakuwa sawa. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama nitamsindikiza.

Miadi ni Jumanne. Nimeshaomba ruhusa kazini.