Siku moja maishani mwangu: chifu ofisa, meli ikiikaribia Mombasa

Saa kumi alfajiri. Kwenye meli nyingi za mizigo zamu ya saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na jioni, ni ya chifu ofisa, msaidizi wa kwanza wa nahodha. Tumebeba ngano ya kichele, isiyotiwa magunia, kutoka Argentina. Rasi ya Tumaini Jema tumeiacha nyuma, Mlango wa Msumbiji tumeupanda, na sasa Kilwa iko magharibi yetu, haionekani. Kusi linatusukuma.

Kadeti, kijana anayejifunza uofisa, anapanda na chai. "Shikamoo, Chifu." "Marahaba. Lete sekstanti, kipimo cha nyota." Setilaiti zinatuonyesha tulipo, lakini kabla mapambazuko hayajafuta nyota nataka aipime nyota ya Suheli kwa mkono wake. Hesabu yake ya kwanza inatupandisha nchi kavu, nyuma ya Lindi. Anarudia.

Saa mbili na nusu. Nagawa kazi na bosuni, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, Mfilipino aliyekula chumvi nyingi baharini kuliko mimi. Vijana watagonga kutu na kupaka rangi. Sisi wawili tutakagua tangi la juu la farumi, maji ya kusawazisha meli, upande wa kushoto. Ofisi inataka picha zake kabla hatujafunga gati.

Tangi la chuma likikaa tupu na kufungwa wiki kadhaa, kutu huweza kula oksijeni iliyomo. Hakuna harufu wala moshi wa kukuonya. Mtu hushuka ngazi, akaanguka. Anayemkimbilia huanguka juu yake. Ndiyo maana tangu 2015 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka mabaharia wafanye mazoezi ya kuingia na kuokoa mtu humo kila miezi miwili. Sisi tuna hatari ya pili: ngano imefukizwa kwa fosfini, gesi ya sumu, kuua wadudu, na ukuta wa tangi ndio ukuta wa ngama, chumba cha shehena. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuipitisha.

Feni imepuliza usiku kucha. Nateremsha bomba la kipimo. Juu, oksijeni asilimia 20.9, kama hewa ya kawaida. Katikati, 20.9. Chini, 20.1. Fosfini sifuri.

"Kidogo tu hicho, Chifu," anasema bosuni. "Dakika kumi tumetoka."

Ni kidogo kweli. Lakini kuna kitu kimekula hewa ile, au kimeisukuma, na kibali cha kuingia kinasubiri saini yangu. Sisaini. Feni inarudishwa, ofisi ikitaka picha itangoja.

Saa tano kipimo kinasoma 20.9 kila mahali, nasi tunashuka. Kadeti anabaki mlangoni na redio na amri moja: tukinyamaza, apige kengele, asishuke. Ndani ni joto na tope, na kutu kwenye mbavu mbili za chuma. Tunapiga picha na kutoka.

Saa saba hadi saa tisa nalala. Kanuni inadai mapumziko ya saa 10 katika kila saa 24, na bila usingizi huu hesabu yangu haitimii.

Saa tisa, mpango wa kupakua. Wengi hudhani ngano inachotwa tu mpaka iishe. Ukimaliza ngama za katikati huku za omo (mbele) na tezi (nyuma) zimejaa, ncha zinalemea chini, mgongo wa meli unapinda, na chuma kina kikomo chake. Kwa hiyo kila ngama itapunguzwa kwa awamu, nami huku najaza farumi. Kompyuta inapiga hesabu ya mkazo katika kila hatua. Mpangilio ni wangu, na nimeubadili mara mbili kabla ya kumpelekea nahodha.

Kuanzia saa kumi jioni niko zamu tena. Bahari tupu, meli moja ya mafuta kwa mbali.

Saa mbili usiku namkabidhi zamu thadi ofisa, yaani ofisa wa tatu. Asubuhi, rubani wa bandari akipanda, nitakuwa omo na bosuni, nanga tayari. Tukishafunga gati, hakuna kuli atakayekanyaga ngama kabla sijaona fosfini imetoka. Mawakala hawapendi kusubiri, lakini nimeshawaandikia.