Marahaba Kabla ya Shikamoo: Nilivyozunguka Istanbul na Wazazi Wangu

Asubuhi ya kwanza Istanbul, kijana wa mgahawa alimvutia Mama kiti, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Merhaba." Mama akanigeukia mimi. "Huyu ananiitikia marahaba, kwani nani kamwamkia? Tena mtoto mdogo hivi!" Ikabidi nimweleze kwamba kwa Waturuki hiyo ndiyo salamu yenyewe, haingoji shikamoo. Alikubali shingo upande.

Mengine nilikuwa nimeyapanga. Dawa za presha za Mama zilikaa kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, maana begi kubwa linaweza kupotelea njiani. Saa za kuzimeza hazikutusumbua: Uturuki iliacha kubadilisha saa zake mwaka 2016, kwa hiyo mwaka mzima inakwenda sawa na Afrika Mashariki. Baba ana goti bovu, nami niliomba kiti cha magurudumu mapema, siku ileile niliyokata tiketi. Alipokiona akakikataa. "Mimi si mgonjwa." Basi tukatembea. Uwanja wa ndege wa Istanbul ni mkubwa kupita kiasi, na kabla hatujafika uhamiaji Baba alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Siku za mwisho za safari ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekumbuka kuomba kingine cha kurudia.

Nilipokosea ni kwenye ratiba. Niliipima kwa miguu yangu, nikasahau kwamba watakaotembea ni watatu. Siku ya pili niliandika sehemu nne, ya kwanza ikiwa Kasri la Topkapı, walikokaa masultani wa Kiosmani. Tukapanda polepole mpaka langoni. Limefungwa. Ilikuwa Jumanne, na Topkapı hufungwa kila Jumanne, jambo ambalo ningelijua kwa kusoma mstari mmoja tu. Baba akaketi ukutani akilisugua goti. Mama hakusema kitu, akafungua mkoba na kutoa kipande cha simit, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, akanigawia mimi kwanza kama mtoto aliyefeli mtihani.

Jioni hiyo niliichana ratiba. Tukakubaliana: asubuhi sehemu moja, mchana kulala, jioni popote penye viti. Hoteli yetu ilikuwa karibu na tramu ya T1, inayoshuka kutoka Sultanahmet hadi Eminönü kwenye vivuko, kwa hiyo vilima tuliviachia tramu. Kadi ya usafiri, Istanbulkart, tulinunua moja tu. Unaigusisha mara tatu, watu watatu wanapita.

Aya Sofya tulikwenda wakati wa Adhuhuri. Jengo hilo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likafanywa msikiti mwaka 1453, katika karne ya 20 likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Watalii hulipia na kupelekwa ghorofani. Wanaokwenda kuswali huingia chini bure. Mama akaenda upande wa wanawake, mimi na Baba tukabaki mbele. Baada ya swala Baba hakunyanyuka. Juu ya kuta zimetundikwa mbao nane kubwa za mviringo zenye maandishi ya dhahabu, naye akaanza kuyasoma kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine: Abubakar, Omar, Uthman, Ali, Hassan, Hussein, utadhani mwalimu anaita majina darasani. Katika ratiba yangu ya zamani jengo hili lilitengewa dakika arobaini. Tulikaa karibu saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo hatukufanya chochote.

Chakula ndicho nilichokuwa nakiogopa zaidi. Baba hali kitu asichokijua jina. Dawa yake ikawa lokanta, migahawa ya kawaida ambako vyakula vimepangwa kwenye trei nyuma ya kioo, wewe unaonyesha kidole tu. Mama akachungulia kwenye trei moja na kupiga ukelele: "Bamia!" Mpishi akafurahi kuliko yeye: "Evet, bamya!" Pembeni kulikuwa na wali, wao wanauita pilav, ingawa kwa maoni ya Mama ule haujafikia kuitwa pilau. Supu ya adesi ililetwa na kipande cha limau. Mimi nilichukua karnıyarık, biringanya iliyopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga. Jina lake maana yake ni "tumbo lililopasuliwa", na sikumtafsiria Baba mpaka alipomaliza kunionjea nusu nzima.

Tulipomaliza, Baba akainua mkono na kusema kwa Kiswahili chake, bila wasiwasi wowote, "Hesabu!" Kijana akaleta bili. Kwa Kituruki ni hesap. Kuanzia hapo hatukumweza tena. Kila kibao akikiona anakisoma: dükkân ni duka, sabun ni sabuni, saat ni saa, kitap ni kitabu. Nikamweleza kwamba sote tuliazima kwa Waarabu na Waajemi. Hakutaka kusikia, yeye aliamua kwamba Waturuki ni ndugu zetu waliosahau mwisho wa maneno.

Chai tu ndiyo iliyomshinda Mama. Huletwa ya rangi, kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, na ukiomba maziwa wanakutazama kwa huruma.

Tulichokipenda zaidi kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote: kivuko cha kawaida cha wananchi kutoka Eminönü kwenda Üsküdar, unatoka Ulaya unashukia Asia. Baba alitazama saa yake. "Robo saa hivi, bara zima limeisha?" Shakwe walikuwa wakiruka sambamba nasi, na Mama akawarushia simit hadi ikaisha, kisha akadai ya kwangu. Jioni ya pili wakataka turudie. Ya tatu pia. Soko Kuu lenye maelfu ya maduka hatukulifikia kabisa, maana siku tuliyoiacha kwa ajili yake ilikuwa Jumapili, nalo siku hiyo hufungwa. Safari hii nilikuwa nimesoma, lakini nilisoma nikiwa tayari nimevaa viatu. Mama akasema vizuri, twende kivukoni.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amemshika yule kijana wa mgahawa mkono, anamfundisha silabi kwa silabi. Kijana akajikaza: "Şikamo, teyze." Teyze ni mama mdogo, ndivyo wanavyowaita wanawake wa makamo kwa heshima.

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu, kisha akanitazama. "Umeona? Sasa imekaa sawa."

Kijana alibaki akinitazama mimi, hajui kwa nini amerudishiwa neno lake mwenyewe.