Tope Kwanza, Klorini Baadaye

Wakati wa masika maji ya mto na bwawa huwa na rangi ya chai. Ni majani na mizizi iliyooza. Klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ikikutana na uozo huo hutengeneza kemikali zisizotakiwa: trihalomethani, hasa klorofomu, pamoja na asidi za haloasetiki. Johannes Rook alilieleza jambo hili Rotterdam mwaka 1974. Ukomo wa klorofomu wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 300 kwa lita. Ulaya hujumlisha trihalomethani zote nne, zisizidi 100.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa tope na uozo huo, kisha tia klorini. Tia shabu iliyoyeyushwa, koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kama dakika 15, acha maji yatulie, chota ya juu, chuja. Kiasi cha shabu hutegemea maji yenyewe, basi jaribu kwanza kwenye ndoo kadhaa. Mlonge nao hung'arisha maji kweli, ila unga wa mbegu zake huacha ndani vitu vilivyoyeyuka ambavyo hula klorini na kuzaa kemikali zilezile. Jicho halivioni. Kwa maji yatakayotiwa klorini, sisi tunapendekeza shabu.

Simtanki la lita 5,000, kwa miligramu 2 za klorini kwa lita, linataka gramu 15 za HTH (unga wa klorini) ya asilimia 65 hadi 70. Iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki: unga ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Mashapo yakituama, mimina maji ya juu tankini. Baada ya nusu saa pima kwa kidonge cha DPD, cha kupimia klorini. Klorini huru, yaani iliyobaki bila kutumika, ifike miligramu 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri usikimbilie kuongeza dawa. Angalia tope lililolala chini ya tanki, maana ndilo linaloila.

Visima vya pwani vilivyoingiliwa na bahari vina bromidi, chumvi itokayo baharini, ambayo shabu haiiondoi, na huko klorini hutengeneza bromofomu, mojawapo ya trihalomethani, hata maji yakiwa maangavu. Punguza kupampu, changanya na maji ya mvua.

Kuchemsha bila kifuniko huirusha klorofomu. Asidi za haloasetiki hubaki.

Asiye na njia ya kuondoa tope asiache klorini. Kipindupindu huua kwa saa chache. Maji ya tope yaliyotiwa klorini ya majumbani magharibi mwa Kenya yalipimwa, matokeo yakachapishwa 2008: trihalomethani hazikuvuka viwango vya Shirika la Afya Duniani.